Sura ya Saba: Ukimya wa Kubandikwa

Leonard Tranter alikuwa amekiri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Blenkin. Mtu akikiri bila kubanwa, kabla hata hajaletewa kikombe cha chai, ama amechoka kuishi ama yeye anamficha mtu mwingine. Fundi huyu wa sauti, aliyezeekea katika kampuni ya santuri ya Halcott, alitamka maneno matatu tu, "Nimekata mimi, mkuu," halafu mdomo ukapigwa kufuli. Kwa nini alikata, hakusema. Kipande alichokikata kiko wapi, hakusema. Mkuu wa kituo alitaka jalada lifike mahakamani Jumatatu, na kwa jinsi mambo yalivyokaa lingefika. Tranter angefungwa. Na hata kama hakimu angemhurumia, hakuna studio London nzima ambayo ingemkabidhi kanda tena, na kiinua mgongo chake kingekwenda na maji.

Kwa hiyo Blenkin akavaa koti lake la mvua, akaenda studio za Halcott kule Camden Town kukiona hicho kilichokatwa. Muziki haukuwa fani yake. Kanisani mkewe humkanyaga mguu ili anyamaze wenzake wanapoimba, naye hushukuru kukanyagwa.

Cedric Marchbank, mtayarishaji na mwenye kampuni, alimpokea mwenyewe. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, koti la mahameli, vidole virefu visivyotulia. Alimkaribisha katika chumba cha kusikilizia, akampa kiti, akamsogezea sahani ya biskuti ambayo hakuna aliyeigusa.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto," Blenkin alisema. "Kilichoharibika ni nini?"

"Ni konseto ya Alban Thorley, Inspekta. Piano na okestra. Aliitunga kabla ya vita, na ikapigwa hadharani mara moja tu, na Bi Winifred Tolladay. Thorley akafa, karatasi zikawekwa sandukuni. Tangu hapo Bi Tolladay amezunguka kampuni zote kuomba irekodiwe. Kila mahali jibu ni hilo hilo: nani atanunua? Sisi Waingereza, ukituletea konseto ya Mrusi tunapanga foleni. Ukituletea ya Mwingereza mwenzetu tunaona haya, kama tumeonyeshwa nguo za ndani za mjomba."

"Wewe ukakubali."

"Mimi nikakubali. Tulirekodi mwezi uliopita katika kanisa la Mtakatifu Oswin. Tranter akazikata na kuziunga kanda, kazi ikaisha, nikaifungia kabatini, nikaenda Manchester. Nimerudi nimekuta hivi."

Akawasha mashine. Magurudumu mawili ya kanda yakaanza kuzunguka, na piano ikaanza kutembea peke yake, polepole, okestra ikiwa imenyamaza kuipisha. Blenkin alisubiri. Halafu kukasikika mlio mdogo, *tik*, kama kucha juu ya kioo, na piano ikatoweka. Kimya. Halafu *tik* nyingine, na piano ikaendelea na safari yake kana kwamba haikupotea.

"Hiyo ndiyo hasara?"

"Mistari miwili ya muziki. Kiini cha konseto nzima. Ukiitoa hiyo umebaki na ganda."

"Rudisha nyuma. Nataka kusikia tena hicho kimya."

Marchbank alimtazama kidogo, akarudisha. Blenkin alisogeza kiti hadi pua yake ikakaribia kugusa spika. Wimbo hakuweza kuushika, lakini alikuwa amekaa miaka mingi gizani nje ya milango ya watu, na kimya alikijua.

"Hiki si kimya kitupu," alisema. "Ndani yake mna watu."

"Umesikia vizuri." Kwa mara ya kwanza Marchbank alionekana kama anaongea na mtu mwenye akili. "Ni kimya cha kanisani. Kila tukimaliza kurekodi, huwaomba wanamuziki wote wakae tuli, tunarekodi kukaa kwao. Pale unapotaka kuziba nafasi huwezi kuweka kanda isiyo na kitu. Msikilizaji hushtuka, huona kama amefungiwa sandukuni. Kimya cha chumba chenye watu kina pumzi. Basi aliyekata alichukua kanda ya kimya, akapima, akakibandika hapo."

"Akapima vipi?"

"Barabara. Ukihesabu mapigo kichwani, piano inarudi mahali pake hasa."

Blenkin aliandika neno moja, 'nadhifu', kwenye daftari lake, akalipigia mstari. Mtu mwenye hasira hupasua, huvuta, huchoma. Huyu alikuwa amelala kitandani mwa watu, kisha akakitandika kabla ya kuondoka.

"Na ile *tik*?"

"Wembe wenye sumaku. Utepe huu ni sumaku tupu, Inspekta, ndivyo unavyoshika sauti. Ukiukata kwa chuma kilichoshika sumaku, kila unapokata unaacha mlio."

"Nyembe za Tranter ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye mtoto wa meza yake, chumba cha pili, zimefungwa moja moja katika karatasi yenye mafuta kama vito vya bibi harusi. Blenkin alitoa pini kwenye ukosi wa koti lake, akaigusisha kwenye wembe wa kwanza. Pini ikaanguka. Wa pili, ikaanguka. Akaenda hadi wa mwisho, na pini ikaendelea kuanguka mezani kwa sauti ndogo ya kuudhi.

"Labda alitumia mwingine," Marchbank alisema.

"Labda."

"Funguo za kabati tunazo watu wawili tu. Mimi nilikuwa Manchester, na yeye alikuwa na kinyongo na mimi."

"Kinyongo cha nini?"

Vidole virefu vikaanza kuchezea kifungo cha koti la mahameli. "Mambo ya kazi. Hayahusiani."

Blenkin alishika kofia yake. Katika kazi hii, mtu akikwambia jambo halihusiani, unajua pa kuanzia.

---

Kituoni, Konstebo Pugh alimleta Tranter katika chumba cha mahojiano. Mzee mwembamba, miwani mizito, nywele nyeupe zilizochanwa kwa maji. Alikaa mikono ikiwa mapajani kama mtu anayesubiri daktari wa meno.

"Kula kwanza," Blenkin alimwambia, akimsogezea mkate wenye nyama iliyokaushwa. "Pugh anasema tangu jana umekula moshi tu."

"Sina njaa, mkuu. Nimeshasema nililosema."

"Na mimi nimelikubali. Nimekuja kukamilisha karatasi tu." Blenkin alifungua jalada, akaandika polepole huku akisoma kwa sauti, kama karani aliyechoka. "Mshitakiwa alikata kanda. Sawa. Akabandika kimya cha kanisani. Sawa. Mkato wa kwanza una mlio, mkato wa pili una mlio…"

"Una nini?"

"Mlio. *Tik*. Unasikika wazi, hata mimi nimeusikia, na mimi ni kiziwi wa muziki."

Rangi ilimpanda Tranter usoni kuanzia shingoni. "Hapana."

"Bwana Marchbank anasema ni wembe wenye sumaku."

"Najua ni nini! Hapana, mkuu. Kufuta andika kufuta, kuiba andika kuiba, andika lolote unalotaka. Lakini usiandike kwamba mimi nimekata utepe kwa wembe wenye sumaku. Mimi? Tangu vita vilipokwisha sijawahi kuacha mlio katika mkato wangu. Watu wanaletwa hapa kutoka Ujerumani kuangalia ninavyokata! Hata nikiwa nimelewa, hata nikiwa nakufa, siwezi…"

"Basi uliacha safari hii."

"Sikuacha! Na si kwamba sikumwamb…"

Neno akalimeza. Alikuwa kama mtu aliyeona mguu wake umeshatoka dirishani. Pugh, aliyesimama mlangoni, alijifanya anaangalia dari.

"Hukumwambia nani, Bwana Tranter?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Blenkin alimwonea huruma waziwazi, hakuona haja ya kuificha, lakini huruma haimtoi mtu mahabusu.

"Unajua," alisema kwa upole, "nimeshika wezi ambao walikubali wizi wakakataa kwamba walikuwa walevi. Nimeshika mwanamke aliyekubali kumtilia mumewe sumu, akalia nilipomwambia keki yenyewe haikuiva. Wewe uko tayari kufungwa, ila hutaki kuitwa fundi mbovu. Kwa hiyo hukukata wewe."

"Nimekata mimi, mkuu," Tranter alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Ila andika bila mlio."

---

Saa ya chai ya alasiri ilimkuta Blenkin tena Camden Town. Hakukaribishwa biskuti.

"Nataka kusikia zile mlizozitupa," alisema.

"Zipi?"

"Mlirekodi mara nyingi, sivyo? Sehemu hii hii. Mkachagua iliyo nzuri, nyingine mkaziweka pembeni. Kama mistari yako miwili imeibwa, chukua mingine kutoka kwenye hizo, ubandike, biashara iendelee. Kwa nini hujafanya hivyo?"

"Hazifai."

"Zote?"

"Inspekta, hutaelewa ukizisikia."

"Basi hakuna hasara nikizisikia."

Marchbank alitoa masanduku. Kila kanda ilianza kwa sauti yake mwenyewe ikitaja namba, kisha piano. Blenkin alikaa na daftari magotini, hakuandika kitu. Kwenye ya kwanza piano ilitembea vizuri, ikafika pale, na kitu kama gunia kikaanguka katikati ya wimbo, ikasimama. Sauti ya mwanamke ikasema, "Samahani. Tena." Kwenye ya pili ilifika pale pale. "Samahani, Cedric. Tena." Ya tatu ilijikaza, ikapita kwa shida, upande mmoja ukiimba na wa pili ukigugumia. Ya nne mwanamke hakusema samahani. Alifunga kifuniko cha piano, na mtu fulani kwenye okestra akakohoa.

Ya tano haikuwepo.

"Zimekwisha?" Blenkin aliuliza.

"Zimekwisha."

"Sasa nieleze, maana hapa hata mtoto atauliza. Kila alipofika pale alikwama. Lakini kwenye kanda iliyokamilika, kabla haijakatwa, pale palikuwa pazuri. Kiini cha konseto, umesema mwenyewe. Hiyo nzuri ilitoka wapi?"

Marchbank alizima mashine. Alisimama akaenda dirishani, ambako hakukuwa na cha kuona isipokuwa ukuta wa jirani na mvua.

"Au nikwambie ninavyofikiri mimi?" Blenkin aliendelea. "Wewe una bima ya kanda. Santuri ya muziki usionunuliwa, ukaiharibu mwenyewe, ukadai bima. Manchester treni zinakwenda na kurudi. Mzee wako ni mtu wa kujitolea, anabeba msalaba wako."

"Huo ni upuuzi!" Marchbank aligeuka, na machozi yalikuwa karibu. "Nimeweka nyumba yangu rehani kwa ajili ya santuri hii. Kwa ajili ya Bi Tolladay. Bima yenyewe haifiki hata nusu."

"Basi nani alipiga ile mistari miwili?"

"Sitasema."

"Tranter alijua?"

"Tranter aliirekodi. Jioni, okestra ilipokwisha kuondoka. Kazi hiyo tunaiita kiraka. Kila mtu hufanya viraka, Inspekta, hakuna santuri isiyo na kiraka. Lakini kiraka huwa cha mikono ile ile. Tranter alisema hivyo. Alisema kama huyo bibi atajua itamuua. Mimi nikasema hatajua. Ndiyo kinyongo chetu, na ndiyo sababu nilipokuta imekatwa nikajua ni yeye, ameamua kunikomoa."

"Ukawaita polisi, ukijua tutauliza."

"Sikufikiri kwamba mtasikiliza kanda," Marchbank alisema kwa unyonge.

Blenkin aliacha hilo lipite. Alikuwa anafikiria neno lililokatikia kinywani mwa Tranter. Kuna mtu aliwahi kuambiwa habari za sumaku akasahau, au hakujali. Mtu aliyejua kimya cha chumba ni nini, anayeweza kuhesabu mapigo kichwani, ila asiyewahi kukata utepe maishani.

"Tranter anapokata kanda, nani hukaa naye?"

"Hakuna. Wanamuziki hawaruhusiwi kule, wanasumbua. Kila mmoja anataka noti yake irefushwe." Marchbank alipangusa uso. "Isipokuwa Bi Tolladay. Yeye huja na mfuko wake wa kushonea, anakaa kando ya meza, anashona pindo huku Leonard akikata. Wanaweza kumaliza siku nzima hawajasemezana. Hao wawili ni kama kikombe na kisahani."

Blenkin alikuwa ameshafika mlangoni.

---

Winifred Tolladay alikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya matofali kule Crouch End. Alifungua mlango kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa sweta, na ukabaki humo. Alikuwa mrefu, mkavu, macho makali ya mwalimu ambaye ameshasikia visingizio vyote.

"Polisi," alisema, kabla hajaonyeshwa kitambulisho. "Viatu unavifuta hapo. Chai nitaipika, lakini trei utaibeba wewe."

Blenkin alibeba trei. Sebule nzima ilikuwa imemezwa na piano, na watu walilazimika kujipenyeza ukutani. Alikaa kwenye kochi dogo, akatazama kifungo cha koti lake la mvua kilichokuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja tangu asubuhi.

"Bi Tolladay, naona aibu. Una sindano? Nitashona mwenyewe, mke wangu alinifundisha."

"Kwenye mfuko wangu, hapo pembeni yako. Chukua…"

Kisha akakumbuka kilichomo. Lakini Blenkin alikuwa ameshaufungua. Ndani mlikuwa na mikasi, vitambaa, na sumaku yenye umbo la kiatu cha farasi ya kuokotea pini zilizoanguka, imevaa pini kama nungunungu. Katikati ya pini ulilala wembe, na wembe nao ulikuwa umenasa sindano mbili. Katika kifuko cha pembeni, mbali na sumaku, mlikuwa na magurudumu ya uzi: mweusi, mweupe, buluu. Moja halikuwa la uzi. Lilikuwa limeviringishwa utepe mwembamba wa kahawia unaong'aa.

Blenkin alinyoosha mkono.

"Usiguse kwa vidole," bibi alisema kwa ukali. "Mafuta ya mikono yanaharibu sauti."

Blenkin akarudisha mkono. Kwa muda mfupi walitazamana kama watu wawili waliokutana kwenye ngazi nyembamba.

"Nilidhani mtachelewa zaidi," alisema Bi Tolladay.

"Tungechelewa. Bwana Tranter ameshakiri kwamba amekata yeye."

Kikombe kiligonga kisahani. "Leonard?"

"Yuko mahabusu tangu jana. Amefukuzwa kazi. Jumatatu anapanda kizimbani."

"Mmemfunga Leonard? Yule hawezi hata kumfukuza paka jikoni! Mna wazimu?" Alisimama, akakaa tena. "Hakuna aliyeniambia. Nilidhani Cedric ataikuta, ataelewa, atakuja hapa na uso wake umeanguka. Nilikuwa namsubiri yeye. Nimemsubiri kila siku."

"Nieleze, Bi Tolladay."

Alieleza bila kuzunguka. Alikwenda kuisikiliza kanda iliyokamilika kwa furaha kama mtoto wa sikukuu. Alijua kwamba siku ya kurekodi mkono ulimwangusha, lakini Cedric alimwambia usiku ule kwamba kwenye kanda ya tatu wamepata ya kutosha, wataiunga, mafundi wana ujuzi wao. Aliamini kwa sababu alitaka kuamini. Leonard alimwekea kanda, akawasha mashine, kisha akasema anakwenda kununua mkate, akatoka. Kabati aliliacha wazi.

"Alitaka ujue?"

"Leonard hajui kusema uongo, na ukweli unamkwama kooni. Yeye huacha mlango wazi." Alitazama piano. "Ikafika pale. Na pale palikuwa pazuri, Inspekta. Pazuri sana. Nikasikiliza, nikasema, Winifred, unaona, bado. Halafu ikapita noti moja, na nikajua huyo si mimi."

"Kwa noti moja?"

"Kidole gumba cha kushoto. Kinachelewa. Unywele tu, hakuna mtu mwingine duniani atakayesikia. Nilikipiga rula kidole hicho tangu mwenyewe ana miaka kumi na mmoja mpaka alipotimiza kumi na minane, akaniambia hatapiga tena, anataka kutengeneza santuri. Kumbe amekuwa akijizoeza peke yake muda wote."

Blenkin aliweka kikombe chini. "Bwana Marchbank."

"Cedric wangu. Alidhani ananifichia aibu. Kiburi cha wema, hakuna kibaya kama hicho." Sauti yake ilipasuka, akaituliza. "Sikufikiri. Nilichukua wembe uliokuwa karibu. Meza ya Leonard ina kidude kinachoshika utepe, mkono mmoja unatosha. Leonard alinionya mara mia kuhusu ile sumaku, nikawa nampuuza. Nilikata. Kisha sikuweza kuacha shimo, kwa hiyo nikachukua kimya chetu cha Mtakatifu Oswin, ambacho na mimi nimo ndani yake, nimekaa kwenye piano nikipumua na wenzangu. Hicho ni changu kwa haki. Pale mikono yangu iliposhindwa, pawe kimya. Thorley angekubali. Asingekubali nidanganye."

"Mbona hukukichoma kipande?"

Mvua ilikuwa imezidi, na chini barabarani mtu alikuwa anapigana na mwavuli.

"Kwa sababu ameipiga vizuri," alisema. "Vizuri kuliko nilivyowahi kumfundisha. Nimekilaza kwenye gurudumu la uzi, na kila usiku nasema kesho nitakichoma."

Blenkin alitoa kalamu na karatasi za maelezo. Hakupenda lililobaki. Alikuwa na tabia ya kusema habari mbaya haraka, akamwambia hivyo hivyo. Kukiri kwamba amekata hakungetosha kumtoa Tranter, kwa sababu Tranter naye amekiri, na hakimu akiwa na maelezo mawili yanayogombana atataka kujua yapi yana sababu. Maelezo ya Bi Tolladay lazima yawe na sababu. Na sababu hiyo itasomwa mahakamani, na waandishi wa magazeti watakuwapo, maana jina lake bado linajulikana.

"Yaani lazima iandikwe kuhusu mkono."

"Lazima, Bi Tolladay. Sioni njia nyingine."

Alitoa mkono wa kushoto mfukoni kwa kuusaidia na wa kulia. Akaulaza juu ya goti. Vidole vilikuwa vimejikunja, havikufunguka. Daktari alikuwa amemwambia wiki mbili baada ya kurekodi, alisema, na mpaka leo hakuna aliyejua isipokuwa daktari. Hata Leonard hajui. Amekuwa akikubali maonyesho ya mwaka ujao kwa simu, halafu anakaa hapa anatazama ukuta. Blenkin alijisogeza kwenye kochi, akammiminia kikombe cha pili cha chai.

"Na Cedric mtamfanya nini?"

"Maelezo yako yakishasomwa Jumatatu, Bwana Marchbank atamwomba hakimu mashitaka yafutwe, au atanieleza kwa nini alimtaja mtu kwa polisi akaficha sababu. Nadhani ataomba. Kipande hicho ni mali yake, na santuri ni yake kuitoa au kutoitoa. Hilo mtamalizana wenyewe."

"Akiitoa na mikono yake, aandike jina lake. Kama hataki kuandika, aiache na kimya. Mwambie nimesema hivyo."

"Nitamwambia."

"Leonard atatoka leo?"

"Ukimaliza kusema, nikapiga simu, atakula chakula cha jioni kwake."

Akanyoosha mgongo kama mtu anayesubiri mwenye kuongoza okestra ainue fimbo. "Basi andika."

Blenkin alilamba ncha ya kidole, akaweka karatasi sawa juu ya daftari. Alianza kwa sauti ya kikazi, kwa sababu sauti nyingine hakuwa nayo. "Mimi, Winifred Tolladay, wa Crouch End, mpiga piano, natamka kwa hiari yangu kwamba…"

"Subiri," alisema. "Hapo umekosea. Futa."

"Wapi?"

"Andika 'niliyekuwa mpiga piano.'"

Blenkin akakata maneno mawili kwa mstari, akaandika matatu juu yake, kisha akamgeuzia karatasi ili aweke sahihi ndogo pembeni ya masahihisho, kama sheria inavyotaka.